Duma: Bendi ya Hevi Metali Iliyopita Mpakani Kwetu

Mhadhara kwa wakazi wa Busia na Tororo

  

Mada yangu ni bendi ya watu wawili iitwayo Duma. Jina hilo wamelichukua kwenye Kikuyu, ambako ni giza, kwa hiyo msimfikirie yule mnyama mwenye mbio. Mmoja ni Martin Khanja, ambaye jukwaani anaitwa Lord Spikeheart, naye ndiye mwenye sauti. Wa pili ni Sam Karugu, mwenye gitaa na kompyuta. Wanapiga hevi metali, ule muziki wa magitaa yanayokoroma na ngoma za kasi ambao wengi wetu huusikia sekunde chache kwenye filamu kisha tukapunguza sauti. Mwaka 2019 walitoka Nairobi wakaenda Kampala, wakakaa miezi mitatu wakirekodi albamu yao ya kwanza, na albamu hiyo ikawafikisha mbali kuliko ambavyo yeyote aliyejua hali ya metali ya Nairobi angethubutu kutabiri.

Kutoka Nairobi kwenda Kampala barabara kuu ni mbili. Moja inaingilia Busia, nyingine Malaba, ndani ya wilaya ya Tororo. Sisi tunaoishi kwenye malango hayo mawili tumezoea kuhesabu vinavyopita: malori ya mafuta, mahindi, samaki, mayai, mitumba. Muziki hatujawahi kuuhesabu, ingawa umekuwa ukipita hapa kwa zaidi ya miaka 60. Ninachodai leo ni kwamba kupita huko bila kutua ni hasara yetu, na kwamba historia ya Duma inaonyesha kwa usahihi mkubwa ni kitu gani kinachokosekana ili muziki utue.

Tuanze na muziki wenyewe, kwa sababu huwezi kumtetea mtu usiyemjua.

Hevi metali ilizaliwa Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, na aliyeipa sauti yake ni kijana wa kiwandani. Tony Iommi alikuwa na miaka 17, akifanya kazi ya kukata mabati, na siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni wa shoto. Mkono huo ndio unaobana nyuzi. Mtu mwingine angeliuza gitaa. Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akawa anazilegeza ili zisimuumize. Uzi uliolegea hutoa sauti nzito, ya chini, yenye kutisha kidogo. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu ya kwanza Februari 1970, na wapigaji wa metali wa dunia nzima, wawe wa Brazil au wa Botswana, wangali wanalegeza nyuzi kwa sababu ya ajali ile.

Kitu cha pili ni mkoromo. Ukiisukuma amplifaya kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo mkono haukuzipiga. Mafundi wa redio wa zamani waliiona hiyo kuwa kasoro ya kurekebishwa. Wapiga metali waliifanya kuwa ndiyo rangi yenyewe ya chombo. Cha tatu ni ngoma, ambazo mpigaji huzikanyaga kwa miguu yote miwili, na katika metali kali kabisa pigo la mkono na la mguu huenda pamoja mfululizo kwa kasi kubwa hata sikio linaacha kuhesabu. Cha nne ni sauti ya mwimbaji. Yule anayenguruma hachani koo kama mnavyodhani. Ameyafunza yale mapazia madogo yaliyo juu ya nyuzi za sauti yatetemeke, na pumzi anaitoa tumboni. Asiyejifunza hupoteza sauti siku ya kwanza.

Sasa niwaulize wazee wa hapa: ni nini katika hayo ambacho ni kigeni kwetu? Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi 8. Mpigaji huketi chini kwenye kigoda, akavaa pete nzito ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, akawa anaigonga kwenye ubao wa chombo huku njuga za gara zikilia mguuni, na juu ya yote hayo anaimba. Mtu mmoja ni nyuzi, ngoma, njuga na sauti. Akogo ya Iteso, mnayoijua pande zote mbili za Malaba, ina ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kwenye vinubi vya Waganda na Wasoga mafundi huuweka uzi karibu na ngozi makusudi ili uugue unapopigwa. Uzi unaolia safi mno huhesabiwa kuwa haujakamilika. Sikio la kwetu lilipenda mkwaruzo kabla umeme haujafika. Na chuma chenyewe tulikuwa nacho. Vilima vya Samia vina mawe ya chuma, na wahunzi wa Wasamia walifua majembe yaliyosifika kuzunguka Ziwa hata yakatolewa mahari. Nasema haya kwa sababu kila ninapoutaja muziki wa metali, mtu husimama kusema ni mambo ya wazungu. Umeme wake ndio wa wazungu. Hamu ya sauti yenye makwaruzo ni yetu pia.

Kuna Mjapani aliyeliona hilo mapema. Eriko Mukoyama alitoka Japani akaja Siaya, jirani zetu kabisa hapo, akajifunza nyatiti kwa bwana wa chombo hicho, Okumu Orengo, katika mila ambayo chombo kile hakikuguswa na mwanamke. Akapewa jina la Anyango, na kwa jina hilo amepiga nyatiti katika kumbi za Japani na kwingineko. Alikuja akakaa kijijini, akachota maji, akalala kwenye nyumba ya udongo, kisha akafunzwa. Wanamuziki wetu wachache wamekaa na bwana wa nyatiti kwa muda kama huo.

Na kwa kuwa nimeitaja Japani, nisimame hapo kidogo, maana huko ndiko kuna mfano unaotufaa zaidi kuliko ule wa Birmingham. Wajapani, kama sisi, waliupokea muziki huu kutoka mbali. Mwaka 1981 huko Osaka mpiga gitaa Akira Takasaki na mpiga ngoma Munetaka Higuchi walijitoa kwenye bendi ya vijana iliyoitwa Lazy, iliyokuwa ikivishwa nguo za kupendeza na kuimbishwa nyimbo laini, wakaunda Loudness pamoja na mwimbaji Minoru Niihara na mpiga besi Masayoshi Yamashita. Walianza kwa kuimba Kijapani. Miaka minne baadaye, 1985, walitoa albamu ya Thunder in the East kupitia kampuni kubwa ya Marekani, ikafika nafasi ya 74 kwenye chati ya albamu ya Billboard, na mwaka huohuo wakapanda jukwaa la Madison Square Garden, New York. Kabla yao hakuna bendi ya metali ya Japani iliyokuwa imefika hapo.

Kisha likaja kosa, na vijana mlisikilize vizuri. Soko la Marekani lilitaka zaidi. Ikaonekana kuwa Kiingereza cha Niihara ndicho kinachozuia, na mwaka 1988 akaondolewa, akaletwa Mmarekani, Mike Vescera. Albamu zilizofuata hazikuifikisha bendi pale ilipotarajia. Walipoteza kile kilichowatofautisha na mamia ya bendi za California, bila kupata walichokuwa wakikitafuta. Ilichukua hadi mwaka 2000 wale wanne wa mwanzo kurudiana. Higuchi alifariki mwaka 2008, na wenzake bado wanapiga. Naiheshimu sana Loudness, lakini kila ninapoisikiliza Duma nasikia bendi iliyoanzia mahali ambapo Wajapani wale walijikwaa: haikujaribu kwa siku hata moja kufanana na mtu mwingine.

Turudi nyumbani. Nairobi ya miaka ya 2000 ilikuwa na watoto wa roki. Walikuwa na kituo cha redio, X FM, kilichopiga roki asubuhi hadi usiku, na walikuwa na bendi: Murfy's Flaw, Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy. Hawakuwa wengi. Walipangisha kumbi za baa, wakaazimana amplifaya, na wakipata watu mia mbili waliona wamefaulu. Kilichowasumbua zaidi ya fedha ni shutuma. Mnaokumbuka miaka ya 1990 mnajua Kenya ilifika mahali pa kuunda tume ya rais kuchunguza ibada za shetani. Rais Moi aliiteua mwaka 1994 chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 1999. Kijana aliyevaa fulana nyeusi yenye fuvu katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye mjadala huo alikuwa na kazi ya kumweleza mama yake. Mimi ni mtu wa kanisani na sioni aibu kusema kwamba tuliwaonea. Ukelele wa metali mara nyingi ni wa mtu anayetaja uovu ili asiubebe peke yake, na Zaburi zina kilio kikali kuliko hicho.

Ndani ya kundi hilo dogo ndimo walimotoka Khanja na Karugu. Walikuwa wamepitia bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 wakaunda Duma, na uamuzi wao wa kwanza ulikuwa wa kishujaa: hawakutafuta mpiga ngoma. Karugu alishika gitaa na kompyuta, akaanza kutunga ngoma za mashine zenye kasi ambayo miguu ya binadamu haiifikii, akazichanganya na vishindo kama vya kiwandani na sauti zilizovunjwavunjwa. Juu ya hayo Khanja ananguruma, anapiga mayowe, mara ananong'ona. Kwa lugha ya mezani, ni metali iliyoachana na nusu ya kanuni za metali.

Mashabiki wa metali wanaolinda mila wangeukataa muziki huo. Nairobi haikuwa na studio ya kuukubali wala lebo ya kuuuza. Hapo ndipo Kampala inapoingia, na hapo ndipo sisi tunapoingia.

Tazameni historia ya barabara hii. Katika miaka ya 1960 aliyetaka sauti yake iwe santuri alielekea Nairobi. Mitambo ilikuwa kule. Studio za Equator Sound zilikusanya watu wa nchi mbalimbali: Fadhili William na Daudi Kabaka wa Kenya, Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia, na Mganda Charles Sonko. Mkondo huo uliendelea hata siasa zilipokuwa mbaya. Samba Mapangala na wenzake wa Les Kinois walitoka Kongo katikati ya miaka ya 1970, wakapiga Kampala katika utawala wa Idi Amin, na mwaka 1977 wakafika Nairobi. Kule ndiko alikounda Orchestra Virunga mwaka 1981, na zile nyimbo mlizochezea harusi zenu zikarekodiwa kule. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Desemba 1987 askari wa nchi zetu mbili walirushiana risasi hapa Busia na mpaka ukafungwa. Yote hayo hayakubadilisha mwelekeo: Mganda na Mkongo walikwenda mashariki kutafuta kipaza sauti kizuri.

Mwaka 2019 Wakenya wawili wakaenda magharibi kwa haja ileile. Mkondo umegeuka. Nimelitafakari jambo hili kwa muda, na sababu ninayoiona haihusu mitambo. Studio za Nairobi leo zina vifaa bora kuliko nyingi za Kampala. Kampala ilikuwa na nyumba.

Nieleze nyumba hiyo. Wageni wawili kutoka Ulaya, Arlen Dilsizian na Derek Debru, walianzisha pamoja na wenzao wa Kampala tamasha la Nyege Nyege mwaka 2015 huko Jinja, kando ya Mto Nile. Jina hilo lisiwashtue. Walilichukua kwenye Kiganda. Mwaka uliofuata wakaanzisha lebo ya Nyege Nyege Tapes, na baadaye lebo dada ya Hakuna Kulala. Pamoja na lebo palikuwa na makazi yenye studio ndani yake. Mwanamuziki anaalikwa, anapewa kitanda na chakula, na studio iko chumba cha pili. Hakuna saa inayolipiwa. Anaamka usiku wa manane akiwa na wazo, anaingia, anawasha mashine. Kwenye meza ya asubuhi anakutana na kijana wa singeli kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa lebo hiyo ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017 na kuipeleka singeli Ulaya, au anakutana na Otim Alpha, aliyezichukua nyimbo za harusi za Waacholi akaziingiza kwenye kompyuta. Duma walikaa humo miezi mitatu. Mtu asiyewahi kulipia studio kwa saa hawezi kujua miezi mitatu ni utajiri gani. Bendi ya Nairobi yenye fedha za saa sita hurekodi kile ilichokwisha kukijua. Yenye miezi mitatu hugundua kitu kipya, ikakosea, ikafuta, ikaanza tena.

Albamu iliitwa Duma, ikatoka Agosti 2020. Ina nyimbo 9, na mmoja wao umepewa jina la Uganda with Sam. Nautaja kwa sababu ni ushahidi kwamba wenyewe waliuona ugenini huo kuwa sehemu ya kazi. Kumbukeni ilikuwa Agosti ipi. Ni mwaka ambao madereva wa malori walilala barabarani siku kadhaa wakingoja majibu ya vipimo vya korona, foleni ikirudi nyuma makumi ya kilomita kutoka Malaba na Busia. Mipaka ilikuwa imefungwa kwa watu, lakini muziki uliorekodiwa Kampala na Wakenya ulikuwa ukisikilizwa London, Berlin na New York. Wahakiki wa huko waliuandikia kurasa nzima. Mwaka 2021 Sub Pop ya Seattle, lebo iliyoitoa albamu ya kwanza ya Nirvana, ikatoa rekodi yao. Kwa bendi iliyokuwa haijafikisha miaka mitatu, hilo ni jambo la kuandikwa kwenye vitabu vya shule.

Katika nyumba ileile alikaa Mjapani mwingine. Shigeru Ishihara, mtunzi wa muziki wa kompyuta aishiye Berlin, alijulikana kwa miaka mingi kama DJ Scotch Egg. Kampala ikambadilisha jina. Akawa Scotch Rolex, kwa heshima ya ile chapati na mayai mnayokunjiwa hapa stendi. Albamu yake ya Tewari ilitoka mwaka 2021, na miongoni mwa sauti alizozialika mojawapo ni ya Lord Spikeheart, na nyingine ya MC Yallah, binti aliyezaliwa Kenya akakulia Uganda, anayefoka kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Mjapani, Mkenya wa metali, na mwanamke wa nchi mbili kwenye rekodi moja. Maisha ya Yallah ni maisha yetu kabisa, ya mtu mwenye jamaa pande zote za lango, na bado hakupata hapa kwetu mahali pa kuyasimulia.

Siwafichi kwamba nyumba ya Kampala ina maswali yake. Serikali ya Uganda imejaribu zaidi ya mara moja kulizuia tamasha lenyewe: mwaka 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alitangaza limefutwa, likaruhusiwa siku chache kabla ya kuanza, mwaka 2022 Bunge nalo likalikataa, kisha likaendelea kwa masharti, safari hii kwenye maporomoko ya Itanda. Swali langu mimi ni jingine. Inaniuma kwamba mlango wa namna hiyo ulifunguliwa na watu waliotoka ng'ambo ya bahari, ilhali sisi tuna wafanyabiashara, makanisa, misikiti, serikali za kaunti na wilaya, na vyama vya akiba vyenye majengo. Siwalaumu waliofungua. Nawauliza waliokuwa na funguo.

Khanja mwenyewe amelijibu swali hilo kwa vitendo. Alipotoa albamu yake binafsi, The Adept, Aprili 2024, aliitoa kupitia lebo aliyoianzisha, Haekalu. Ameitoa kwa heshima ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyepewa cheo cha fildi mashali katika Mau Mau, aliyefariki Septemba 2023. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kunguruma kwa mtindo uliozaliwa Birmingham huku anachokingurumia ni msitu wa Nyandarua. Loudness walipewa ushauri wa kujifuta ili wapendwe. Huyu amefanya kinyume chake, na Ulaya inamwita.

Sasa nifike kwetu. Mtaniambia Busia na Tororo ni miji ya kupita. Nawajibu kwa boda boda. Baiskeli za kubeba watu kutoka lango hadi lango zilianzia mpakani hapa, kwa mahitaji yetu, na leo neno hilo na kazi hiyo vimeenea hadi Dar es Salaam. Hatukungoja mji mkuu utuidhinishe. Tororo ina reli tangu zama za ukoloni, njia panda ya kwenda Mbale na Soroti. Ina kiwanda cha saruji. Na umeme uliouzwa Kenya kutoka bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, ulipitishwa Tororo. Umeme ulitupita kichwani kwa miaka mingi kabla haujaingia nyumba nyingi za vijiji vilivyo chini ya nyaya zile. Muziki tumeufanyia hivyohivyo.

Na wapo wa mbali wenye mji mdogo kuliko wetu waliofanya. Ghanzi ni mji wa wafugaji katika jangwa la Kalahari, Botswana, upande wa kuelekea mpaka wa Namibia. Bendi ya metali ya Overthrust ilitoka huko. Kiongozi wake ni polisi kwa kazi. Walianzisha tamasha lao la metali la majira ya baridi palepale Ghanzi, na mashabiki wakawafuata jangwani wakiwa wamevaa ngozi na kofia za wachunga ng'ombe, hadi wapiga picha wa dunia wakaja. Hawakuwa na bahari wala maporomoko ya kuwavutia watalii. Walikuwa na ukumbi, jenereta, na wenyeji waliokubali kuvumilia kelele kwa usiku mmoja.

Ninachoomba ni kidogo kuliko tamasha. Naomba chumba. Chumba chenye kuta nene, mbali na wodi na madarasa, chenye umeme usiokatika ovyo, amplifaya mbili, ngoma moja, kompyuta, na vitanda vinne. Mwanamuziki anayetoka Nairobi kwenda Kampala, au Kampala kwenda Kisumu, alale humo siku kumi, na kwa malazi yake alipe kwa kuwafundisha watoto wetu. Humo aingie mzee wa akogo kutoka Malaba, mpiga nyatiti, kijana wa kwaya aliyezoea kinanda cha kanisa, na huyo mwenye fulana ya fuvu. Sijui watatunga nini, na sitaki kujua mapema.

Kuhusu mpaka wenyewe, mambo si magumu kama yalivyokuwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imeanza kazi tangu Julai 2010, na kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi na marais wawili Februari 2018. Mtu anakaguliwa mara moja, upande mmoja. Kinachowapata wanamuziki ni vyombo vyao. Gitaa na amplifaya zikivukishwa kimyakimya kwa njia za panya, zikikamatwa huhesabiwa kuwa bidhaa za magendo. Vijana, viandikisheni forodhani mnapotoka, muonyeshe kwamba vinarudi, na mbaki na karatasi. Maafisa wa forodha waliopo humu ukumbini naomba baadaye wasimame watueleze karatasi hiyo inajazwaje, kwa sababu nimewaona wapiga vyombo wengi wakiikosa kwa kutouliza wala kuambiwa.

Watakaotaka kusikiliza Duma, nimekuja na spika. Tutaisikiliza baada ya maswali, na wazee wasioiweza watangulie kwenye chai bila kuona vibaya. Aliye na jengo tupu mtaani Sofia, Marachi au karibu na stesheni ya Tororo, anione kabla hajaondoka.